Skrini na Takwimu Zikubaliane: Kujifunza Kutengeneza Programu za Wavuti Uvira

Takwimu za afya za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuanzia idadi ya akina mama waliojifungua katika kituo kidogo cha afya hadi idadi ya wagonjwa waliolazwa kwa kipindupindu, hukusanywa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2, na zoni ya afya ya Uvira, ambayo ni mojawapo ya zoni 34 za mkoa wa Kivu Kusini na 519 za nchi nzima, hupeleka za kwake humo humo. Mhudumu wa takwimu anayeufungua mfumo huo haoni cha ajabu, kwa kuwa mbele yake pana ukurasa ndani ya kivinjari, wenye visanduku vya kujazia namba, vitufe na grafu. Hata hivyo ukurasa huo si sawa na ule wa gazeti la mtandaoni, ambao husomwa tu na kufungwa. Huu hujumlisha namba wakati zinapoingizwa, huonya namba isiyowezekana ikijazwa, huchora grafu upya papo hapo, na baadhi ya sehemu zake huendelea kufanya kazi hata mtandao ukikatika. Ukurasa wa namna hiyo ndio uitwao programu ya wavuti, na sehemu kubwa ya DHIS2 inayoonekana kwa macho imeandikwa kwa React, ambayo ni kiunzi cha JavaScript kilichozaliwa katika kampuni ya Facebook, ingawa watunzaji wake wenyewe hupendelea kuiita maktaba. Kijana wa mtaa wa Nyamianda, Kakombe au Mulongwe anayetaka kujifunza kazi hii hana haja ya kuidhania kuwa ufundi wa mbali, maana zao lake liko tayari katika ofisi ya zoni ya afya ya mji wake.

Kabla ya kufika kwenye kiunzi, ni lazima ieleweke kwamba ukurasa wa wavuti hujengwa kwa lugha tatu za msingi. HTML hueleza kilichomo kwenye ukurasa, yaani vichwa, aya, picha, visanduku na vitufe. CSS hueleza mwonekano, yaani rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio. Na JavaScript hueleza matendo, yaani kitakachotokea mtu akibonyeza kitufe au akijaza kisanduku. Lugha hiyo ya tatu ilibuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwezi Mei 1995, kwa siku kumi tu, na haraka hiyo bado inaonekana katika tabia zake kadhaa zinazowachosha wanafunzi. Tabia iliyo maarufu kuliko zote ni kwamba namba 5 iliyosomwa kutoka kwenye kisanduku cha ukurasa ikijumlishwa na 3, jibu huwa 53 badala ya 8, kwa sababu kinachotoka kisandukuni huhesabiwa kuwa maandishi, na maandishi yakikutana na alama ya kujumlisha huunganishwa. Mtengenezaji asiyelijua jambo hili anaweza kuutangazia mji mlipuko wa ugonjwa usiokuwapo.

Kwa miaka kumi ya mwanzo JavaScript ilifanya kazi ndogondogo, kama vile kufungua menyu na kukagua fomu, hadi Gmail ya mwaka 2004 na Google Maps ya mwaka 2005 zilipoonyesha kwamba ukurasa unaweza kuchota habari mpya kutoka kwa seva, yaani kompyuta inayohifadhi na kugawa data, bila kupakiwa upya wote. Mwaka 2006 John Resig alitoa jQuery, ambayo ilirahisisha mno kazi hiyo na kuenea duniani kote. Lakini mtindo wa jQuery ni wa kuamuru hatua kwa hatua: tafuta kisanduku hiki, badilisha maandishi yake, ficha kitufe kile, paka mstari huu rangi nyekundu. Amri zikiwa ishirini, mtu huzimudu. Zikiwa elfu mbili, zilizoandikwa na watu watano katika miaka mitatu, hakuna anayejua tena ni amri ipi iliyobadilisha kitu gani, wala kwa nini skrini inaonyesha jambo moja na data inasema jingine. Viunzi vilizaliwa kutokana na tatizo hilo la kutokukubaliana kwa skrini na data, na mwanafunzi akilishika wazo hili moja, mengine yote hufuata kwa urahisi.

Mfano wa kulifafanua unaweza kuchukuliwa kutoka katika jambo linalowagusa watu wa Uvira kila siku, yaani maji. Regideso, shirika la maji la taifa, huchota maji ya mto Mulongwe na kuyasambaza mjini, na wakazi wengi ambao hawana bomba nyumbani huyateka kwenye robine za umma kwa bidoni. Robine zikikauka, watu hurudi mtoni na ziwani, na matokeo yake yamepimwa: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLOS Medicine, ukitumia kumbukumbu za Uvira za tangu mwaka 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba siku za kukosa maji ya bomba zilifuatwa, katika muda wa siku 12, na ongezeko la watu waliopokewa katika kituo cha kutibu kipindupindu, na kwamba takriban asilimia 23 ya wote waliopokewa walihusishwa na upungufu wa maji hayo. Programu ndogo ya wavuti inayoonyesha ni robine ipi ina maji saa hii si ya kuchekwa, basi, na kwa mwanafunzi ina ubora mwingine wa kuwa ndogo kiasi cha kumalizika na kubwa kiasi cha kumfundisha yote yaliyo ya msingi.

Tuseme programu hiyo ina orodha ya robine kumi na mbili, kila moja ikiwa na mtaa wake, bei ya bidoni, alama ya kuwa na maji au kutokuwa nayo, na saa ya taarifa ya mwisho. Juu ya orodha pana sentensi inayosema kwamba robine saba kati ya kumi na mbili zina maji, chini yake pana kitufe cha kuonyesha zenye maji tu, na pembeni pana ramani yenye vitone vya buluu na vya kijivu. Mtunza robine wa Kakombe akibonyeza kwamba maji yamekuja, mambo matano hayana budi kubadilika kwa pamoja: rangi ya mstari wa robine ile, saa yake, sentensi ya juu, orodha iliyochujwa na kitone cha ramani. Anayefuata mtindo wa zamani ataandika amri tano, na akisahau moja ukurasa utasema saba huku orodha ikihesabu nane. Mama aliyepeleka bidoni Kakombe kwa kuuamini ukurasa kama huo, akakuta robine imefungwa, hataufungua tena, na haki itakuwa yake.

Kiunzi hulitatua jambo hili kwa kugeuza kazi ya mwandishi. Badala ya kuamuru mabadiliko ya skrini, mwandishi hutunza data mahali pamoja, kisha hueleza skrini inavyopaswa kuonekana kwa data hiyo, na kazi ya kuibadilisha skrini kila data inapobadilika huachiwa kiunzi. Data hiyo inayoweza kubadilika wakati programu inatumika huitwa hali. Katika mfano wetu hali ni orodha ya robine pamoja na jibu la swali moja, kwamba je, mtumiaji ameomba kuona zenye maji tu au zote. Hakuna kingine. Sentensi inayotaja robine saba si sehemu ya hali, kwa kuwa inaweza kuhesabiwa kutoka kwenye orodha wakati wowote, na orodha iliyochujwa vivyo hivyo. Kanuni hii, ya kutohifadhi kinachoweza kuhesabiwa, ina manufaa zaidi kuliko kurasa nyingi za mafunzo zilizojaa mbinu za kisasa, na inashangaza jinsi inavyotajwa kwa pupa katika masomo mengi. Makosa mengi ya wanaoanza hutokana na kuweka jambo lilelile mahali pawili, ambapo siku moja sehemu mbili hizo zitapingana.

Wazo la pili ni lile la kijenzi, yaani kipande cha skrini chenye maelezo yake na matendo yake, ambacho kikishaandikwa mara moja kinaweza kutumika mara nyingi. Mstari unaoonyesha robine moja ni kijenzi. Huandikwa mara moja na kutumika mara kumi na mbili, kila mara kikipewa habari za robine tofauti. Habari hizo hupitishwa kutoka kwa kijenzi cha juu kwenda kwa cha chini, na kijenzi cha chini hakiruhusiwi kuzibadilisha chenyewe, bali hutoa taarifa juu kwamba kitufe kimebonyezwa, na aliye na hali ndiye huibadilisha. Utaratibu huu wa habari kushuka na taarifa kupanda huonekana kuwa urasimu mtupu katika programu ya vijenzi vitatu, na mwanafunzi anayeulalamikia ana sababu, lakini programu ikifika vijenzi hamsini ndio unaomwezesha mtu kujua kosa limetokea wapi.

Namna kiunzi kinavyoitengeneza upya skrini hutofautiana. React hutunza katika kumbukumbu ya simu mfano mwepesi wa ukurasa, na hali ikibadilika hutengeneza mfano mpya, huulinganisha na wa zamani, kisha hugusa zile sehemu tu zilizotofautiana, kwa kuwa kuugusa ukurasa wenyewe ni kazi ghali kwa kivinjari. Vue hukumbuka ni kipande gani cha skrini kinachotegemea data gani, hivyo data ikiguswa hujua pa kwenda. Svelte hufanya sehemu kubwa ya kazi mapema, kabla programu haijamfikia mtumiaji, kwa kuyageuza maelezo ya mwandishi kuwa amri fupi za JavaScript. Tofauti hizi zina matokeo kwa anayeanza. Katika React, kwa mfano, mtu anayebadilisha robine moja ndani ya orodha ileile hataona chochote kikibadilika kwenye skrini, kwa sababu React haichungulii ndani ya orodha, bali huuliza tu kama imepewa orodha mpya au ileile ya jana. Inambidi atengeneze nakala yenye badiliko lake na kuikabidhi. Wanafunzi wengi hupoteza usiku mzima hapa, wakidhani kompyuta imeharibika.

Historia ya viunzi hivyo ni fupi. AngularJS ilitolewa na Google mwaka 2010. React, iliyobuniwa na Jordan Walke, ilifunguliwa kwa umma Mei 2013. Vue ya Evan You ilitoka Februari 2014. Angular mpya, isiyooana na ile ya kwanza, mwaka 2016. Na Svelte ya Rich Harris mwaka huohuo wa 2016. Swali la kipi kati ya hivyo ni bora huzua mabishano yasiyoisha, na jibu la kweli ni kwamba mawazo ya hali na vijenzi yamo katika vyote, kiasi kwamba anayekijua kimoja vizuri hujifunza cha pili bila taabu kubwa. Linalostahili kufikiriwa zaidi ni kwamba viunzi huzeeka. DHIS2 yenyewe ni shahidi: programu yake ya kufuatilia wagonjwa mmoja mmoja, iliyoitwa Tracker Capture, iliandikwa kwa AngularJS, na Google ilipositisha matunzo ya AngularJS mwishoni mwa mwaka 2021, kazi ya kuihamishia kwenye programu mpya ya React, iitwayo Capture, ilikuwa imekwisha kuwachukua watengenezaji miaka. Ushahidi, jukwaa la ramani za matukio lililoanzishwa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, na ambalo mwaka huohuo lilitumika pia kufuatilia vita vya mashariki mwa Kongo, nalo lilijenga upande wa mbele wa toleo lake la tatu, yaani sehemu inayoonekana na kuguswa na mtumiaji, kwa AngularJS. Taasisi zenye wahandisi na wafadhili zinaweza kuubeba mzigo wa kuandika upya. Shirika dogo la Uvira lenye mtengenezaji mmoja haliwezi, na kwa hiyo programu yake inafaa itegemee vitu vichache kadiri iwezekanavyo.

DHIS2 imetajwa mara kadhaa, na inafaa asili yake ijulikane. Ilitokana na mradi ulioanza Afrika Kusini mwaka 1994, wakati ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukifikia kikomo na nchi ikihitaji takwimu za afya za watu wake wote, na leo huratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya iliieneza nchi nzima kupitia intaneti mwaka 2011, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna maabara ambayo wataalamu wake hutengeneza programu za kuongezwa juu ya mfumo huo. Huu ni ushahidi kwamba ufundi wa upande wa mbele unafanywa kwa kiwango cha juu na watu wazungumzao Kiswahili, na kwa ajili ya kazi za hapa hapa.

Sasa ndipo yanapokuja masharti ya Uvira, ambayo masomo mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa California hayayataji. La kwanza ni uzito. Mtumiaji hununua mega, na kila kilobaiti ya JavaScript inayotumwa kwenye simu yake inatoka mfukoni mwake. React pamoja na sehemu yake ya kuchora kwenye kivinjari hufikia makumi kadhaa ya kilobaiti baada ya kubanwa, jambo ambalo si la kutisha, ilhali Preact ya Jason Miller, inayofuata mtindo uleule, hujinadi kwa kilobaiti 3. Mzigo halisi huanza pale mwandishi anapoongeza maktaba ya kalenda, nyingine ya grafu, nyingine ya vitufe vya kupendeza, hadi programu ya robine kumi na mbili inakuwa na megabaiti mbili. Isitoshe, gharama ya JavaScript haiishii kwenye kupakua, kwa kuwa simu hulazimika kuisoma na kuitekeleza, na simu ya bei nafuu yenye prosesa dhaifu inaweza kuchukua sekunde nyingi kufanya kile ambacho kompyuta ya mwandishi hukifanya kufumba na kufumbua. Muda huo wote, programu iliyoandikwa kivivu humwonyesha mtumiaji skrini nyeupe. Wapo pia wanaotumia Opera Mini katika hali yake ya kubana data sana, ambamo JavaScript hutekelezwa kwenye seva za Opera kwa muda mfupi tu kabla ya ukurasa kutumwa ukiwa umeganda. Kwao programu inayotegemea JavaScript kwa kila kitu haitafanya kazi. Dawa yake inajulikana: seva itume HTML iliyokwisha kujazwa orodha ya robine, ili isomeke hata kabla JavaScript haijafika, kisha kiunzi kije kuongeza vitufe na mabadiliko ya papo hapo.

Sharti la pili ni kukatika kwa mtandao na umeme, jambo ambalo Uvira halihitaji maelezo, hasa baada ya mafuriko ya Aprili 2020 na vita vya Kivu Kusini vya mwaka 2025. Vivinjari vya kisasa vina vifaa viwili vya kukabiliana nalo. Cha kwanza ni faili maalumu ya JavaScript inayokaa kati ya ukurasa na mtandao, ikihifadhi nakala ya programu ndani ya simu, ili mtumiaji akiifungua bila mtandao apate nakala hiyo badala ya ujumbe wa kosa. Cha pili ni hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya kivinjari, iitwayo IndexedDB, ambamo taarifa zilizoandikwa wakati mtandao haupo huwekwa hadi utakaporudi. Programu ya DHIS2 ya kuingizia takwimu hufuata njia hiyo, ili mhudumu anayejaza ripoti ya mwezi asipoteze kazi yake mtandao unapopotea katikati.

Ugumu uliojificha hapo si wa kuhifadhi, bali wa kupatanisha. Mtunza robine ameandika saa mbili asubuhi, bila mtandao, kwamba maji yapo. Jirani yake mwenye mtandao ameandika saa nne kwamba yamekatika. Simu ya kwanza inapata mtandao saa sita na kutuma taarifa yake. Programu isiyofikiri itaipokea taarifa iliyofika mwisho kuwa ndiyo mpya, na kuwaambia watu kwamba maji yapo wakati hayapo. Ni lazima kila taarifa ibebe saa ilipoandikwa, si saa ilipofika, na mwandishi aamue mapema nani atasadikiwa saa za simu zenyewe zikitofautiana. Hakuna kiunzi kitakachomwamulia, na hapa ndipo panapodhihirika kwamba kukijua kiunzi ni sehemu tu ya ufundi.

Sharti la tatu linamhusu mwanafunzi mwenyewe. Masomo mengi huanza kwa kumwagiza apakue zana kupitia npm, ghala la mtandaoni la vipande vya JavaScript, na agizo moja huweza kuleta mamia ya megabaiti kabla hajaandika mstari hata mmoja. Njia hiyo ni sahihi kwa kazi kubwa, lakini kwa kuanza si ya lazima. Vue inaweza kutumika kwa faili moja iliyopakuliwa mara moja na kuwekwa kando ya ukurasa wa HTML, na Preact vivyo hivyo, na faili hizo zinaweza kunakiliwa kwa flashi kutoka kompyuta hadi kompyuta bila mtu kugharimia mega tena. Nyaraka za JavaScript, React na Vue zinapatikana katika DevDocs, na huweza kusomwa bila mtandao zikishahifadhiwa, na mradi wa Kiwix umerahisisha kubeba maktaba nzima za maarifa kwenye diski. Asiye na kompyuta anaweza kuandika na kujaribu msimbo kwenye simu ya Android kwa kihariri kama Acode. Ni kazi ya kuchosha vidole, lakini inafanyika.

Kuhusu lugha, Uvira ina nafasi ambayo miji mingi ya Tanzania haina. Shule za Kongo hufundisha kwa Kifaransa, na nyaraka rasmi za React na za Vue zimetafsiriwa kwa Kifaransa, kama ilivyo sehemu kubwa ya MDN, yaani hazina ya maelezo ya teknolojia za wavuti inayosimamiwa na Mozilla. Anayesema kwamba hawezi kujifunza kwa sababu hajui Kiingereza ana kisingizio kidogo kuliko anavyodhani. Maneno machache ya lugha yenyewe, kama if, function na return, hayabadiliki, lakini majina anayoyatunga mwandishi ni hiari yake, na hakuna kinachomzuia kuiita orodha yake robine, alama yake inaMaji na bei yake beiYaBidoni. Kivinjari hakijali, na mwenzake wa Kakombe ataelewa haraka zaidi.

Mpangilio wa kujifunza huharibiwa mara nyingi na pupa. Matangazo ya kazi hutaja React, hivyo mwanafunzi hurukia React kabla ya kujua orodha inavyochujwa kwa JavaScript tupu, fomu ya HTML inavyotuma habari, au kwa nini jibu kutoka kwa seva halifiki papo hapo bali hungojewa. Matokeo yake ni mtu anayeweza kunakili mfano lakini hawezi kueleza kosa lake ni la kiunzi au ni la lugha. Njia iliyo salama zaidi ni kuiandika programu ya robine mara mbili: kwanza kwa JavaScript tupu, hadi zile amri tano zianze kupingana zenyewe kwa zenyewe, kisha kwa kiunzi, ambacho wakati huo kitaonekana kuwa jibu la swali lililokwisha kuulizwa. Anayeanza na jibu huishia kukariri.

Matumaini ya ajira nayo yapimwe kwa kiasi. Kampuni ya Andela, iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kufika Nairobi mwaka uliofuata, iliwafunza vijana wengi wa Afrika JavaScript na kuwaunganisha na waajiri wa ng'ambo, lakini Septemba 2019 iliwapunguza wahandisi chipukizi wapatao 400 katika Nigeria, Uganda na Kenya kwa sababu waajiri hao walitaka wazoefu. Soko la mbali hupenda aliyekwisha kukomaa, na ukomavu hupatikana kwa kutengeneza vitu vinavyotumiwa na watu halisi. Mji wenye bandari ya Kalundu, soko la samaki, biashara ya mpakani na Bujumbura, shule, makanisa na mashirika ya misaada hauna uhaba wa kazi za namna hiyo, ingawa malipo yake hayawezi kulinganishwa na ya Nairobi.

Msimbo wa programu za DHIS2, zikiwamo zile za kuingizia takwimu, uko wazi kwenye GitHub chini ya leseni ya BSD, ambayo humruhusu yeyote kuusoma, kuunakili na kuubadilisha bila kuomba ruhusa wala kulipa. Mwanafunzi wa Nyamianda aliyekwisha kuimaliza programu yake ya robine, na anayetaka kuona jinsi mambo yaleyale ya hali, vijenzi na kupatanisha taarifa yanavyoandikwa na wahandisi wazoefu, afungue msimbo huo na aanze na faili moja.